Buku na Kamera ya Shavuni

— Niwape nisiwape?
— Tupe.
— Yenye meno au kibogoyo?
— Yenye meno.
— Ikimuuma mtu, msije mkanilaumu mimi.
— Ajipake dawa mwenyewe.

Haya, sogeeni. Alikuwepo Buku. Buku mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya mifuko, akipita shambani anajaza karanga huku na huku mpaka uso unakuwa mpana kuliko mwili. Huyu wetu alikuwa mjane mwenye watoto watano. Shimo lake alilichimba ukingoni mwa mto kwa kucha zake mwenyewe, na juu ya shimo alikuwa na kijishamba cha karanga. Duniani hakuwa na kingine.

Na alikuwepo Kiboko. Kiboko mnamjua pia, sina haja ya kuwapimia. Mto wote wake, matete yote yake, majani ya ng'ambo yake. Lakini tumbo likishazoea neno "changu" halikumbuki tena neno jingine. Siku moja, mchana kweupe, akapanda ukingoni, gudu, gudu, gudu, akala karanga za Buku mstari mzima, na majani yake na udongo wake. Kesho yake akarudi, gudu, gudu, gudu, akala mstari wa pili. Siku ya tatu akasimama juu ya shimo lenyewe, kivuli chake kikaingia ndani mpaka walipolala watoto.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Buku, maana adabu alifundishwa.

"Marahaba. Hama."

"Nihame niende wapi, Mzee?"

"Mimi si mjumbe wa nyumba kumi, usiniulize mambo ya viwanja. Ukingo huu wangu. Hama."

"Sihami."

Kiboko alidhani maji yamemwingia masikioni. Akamwambia alirudie hilo neno, na Buku akalirudia. Msidhani ni shujaa wa kuzaliwa. Alitamani kulia, lakini neno lilitoka lote, halikukatika katikati.

Kesi ikaenda barazani kwa Bibi Korongo, yule ndege mwenye miguu mirefu anayesikiliza kesi kwa mguu mmoja. Buku akaeleza yote. Kiboko akapiga mwayo, meno yote nje, kisha akaliuliza baraza zima, "Nani aliniona?"

Pundamilia alimwona. Akaangalia kwato zake. Swala alimwona. Akaangalia kwato zake. Ngiri alimwona, tena alikuwa karibu kabisa, na yeye akaangalia kwato zake. Siku ile kwato ziliangaliwa kuliko siku zote. Buku akawapitia mmoja mmoja kwa macho, maana hao hao ndio waliokuwa wakibisha kwake kuomba karanga wakati wa njaa.

"Naona leo macho yenu yanaumwa," akasema Korongo. "Basi Ijumaa kila mwenye madai alete picha. Anayekaa ukingoni aonyeshe kwamba anakaa. Atakayeshinda abaki, atakayeshindwa aondoke. Nyani atawaazima kamera."

Nyani alikuwa na banda njiapanda, limejaa kamera za kila namna. Usiulize alizipata wapi. Watalii wakisahau dirisha la gari wazi, Nyani huwasaidia kulifunga, ila kwanza anatoa vilivyomo.

Kiboko ndiye aliyetangulia kuingia, na banda likainama upande wake. "Ipi inapiga sana?" akauliza.

"Inapiga picha, Mzee?"

"Inapiga. Mimi ndiye kiboko yao, siwezi kupiga kidogo kidogo. Nipe inayopiga kwa nguvu."

Nyani hakubishana na uzito ule. Akamtolea kamera kubwa kuliko zote. Ilikuwa na bomba refu mbele, ilikuwa na miguu mitatu ya kuisimamisha, ilikuwa na begi, na begi nalo lilikuwa na begi lake. Kiboko akaipokea ikamvuta bega chini. "Nzito," akasema kwa furaha. "Hii inaua."

Buku alipangiwa tatu juu ya jani la mgomba. Hakuuliza ipi inapiga sana. Aliuliza, ukiiamsha inaamka papo hapo au mpaka ijinyooshe kwanza? Ikipiga inapayuka? Kivulini inaona, au inataka jua la saa saba tu? Na ukitembea nayo kutwa, jioni shingo bado ni yako? Nyani akakuna kichwa, maana tangu aanze biashara hajakutana na maswali hayo. Ya kwanza ilikuwa na kioo kipana nyuma, kizuri cha kuvutia, lakini ikifika adhuhuri betri imekwisha. Ya pili iliona mbali, ila kila ikipiga ilipiga na kelele. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, jicho lake linatoka na kurudi ndani, na kifuniko kinajifunga chenyewe.

"Hiyo sikufichi, mama," akasema Nyani. "Haivuti mbali. Ndege akiwa juu ya mti atatoka kidoa."

"Ninayemtaka hakai juu ya mti."

"Basi ichukue. Ni ya safari na ya kila siku, unakuwa nayo popote jambo litakapokukuta. Inaitwa kamera ya mfukoni."

Kiboko akaangua kicheko, he, he, he, mpaka kamera zikagongana ukutani. "Mfukoni? Wewe panya, mfuko unao wapi? Suruali umeishona lini?"

Wateja wote wakacheka. Buku akafungua mdomo, akaisukuma kamera shavuni, fwap, ikazama. "Nfuko nu huu," akasema, akatoka zake.

Jumatano asubuhi Kiboko akapanda ukingoni na kamera yake. Alitaka picha ya wanyama wakimsalimia pale, ionekane kwamba yeye ndiye mwenyeji. Akawaita, wakaja. Akafungua begi, akafungua begi la begi, akakunjua mguu, kacha, akakunjua mguu, kacha, akakunjua mguu, kacha. Kuinua macho, wanyama wamechoka kungoja, wamekwenda. Hasira zikampanda, na hasira za Kiboko hutulizwa kwa karanga. Akainama akala. Buku alikuwa nyuma ya majani. Fwap, ikatoka. Kchi. Fwap, ikarudi.

"Unafanya nini hapo?" akanguruma Kiboko.

"Natafuna, Mzee."

"Unatafuna nini?"

"Hizo ulizoniachia."

Kiboko akaridhika, akaendelea kula. Fwap. Kchi. Fwap.

Alhamisi akapanda tena. Akawaita wanyama, wakaja. Akakunjua mguu, kacha, akakunjua mguu, kacha, akakunjua mguu, kacha, na yote mitatu ikazama kwenye tope. Mpaka aitoe, wanyama wamekwenda. Akala mstari mwingine, kisha akasimama juu ya shimo na kukanyaga mlango kwa makusudi, watoto wa Buku wakatoa pua kutazama nani anawafukia. Fwap. Kchi. Fwap.

"Unafanya nini?"

"Natafuna, Mzee."

Laiti yangeishia hapo, ningewaaga sasa hivi. Lakini alasiri ile Buku aliwapeleka watoto kunywa maji, na Kiboko, aliyechoka kukunja na kukunjua, akaketi karibu na kamera yake na kukigusa kitufe kwa kiwiko. Picha ikatoka safi kabisa. Shimo limebomoka mlango, shamba limekanyagwa, mtu hakuna, mtoto hakuna.

Buku aliporudi alimkuta Kiboko anachekelea. "Njoo uone mahame," akamwambia. "Hapa hapakai mtu. Kesho naonyesha hii, na karanga zote zitakuwa za porini."

Buku akaitazama ile picha. Ilikuwa uongo mtupu, lakini ilionekana kweli kuliko kweli. Hapo alikasirika mpaka woga ukakosa pa kukaa. Shamba aharibu yeye, halafu alitumie kuwa ushahidi. Akawaingiza watoto shimoni, akatia karanga tatu mdomoni apate kufikiri vizuri, kisha akarudi akiwa mpole kabisa.

"Picha nzuri, Mzee. Sijui umeshaisafisha?"

"Kusafisha?"

"Picha huwa inasafishwa kwanza ndipo ionyeshwe. Si maneno yangu, muulize Nyani, yule anapita."

"We Nyani," Kiboko akapaza sauti, "picha husafishwa?"

"Husafishwa, Mzee," akajibu Nyani, hakusimama hata kidogo. "Kesho asubuhi nileteeni niwasafishie."

Kiboko akavimba. "Mimi nipeleke uchafu wangu kwa Nyani? Nyani mwenye ndoo moja, tena imetoboka? Mimi mwenye mto?"

 Buku alikuwa anatafuna.

Kiboko akaibeba kamera mpaka kwenye kina, chubwi. Akaisugua kwa mchanga, bomba na kioo na kila tundu, akaisuuza mara tatu, akaianika juu ya matete. Akamgeukia Buku. "Na yako je?"

"Yangu ndogo, Mzee. Hiyo hata ndoo ya Nyani inaitosha."

Ijumaa baraza likajaa. Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Kiboko akataka aanze yeye, akaanza. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, bomba likatapika maji, na nyuma ya maji akatoka kijisamaki, akaruka ruka mbele ya hakimu. Korongo akamtazama kulia, akamtazama kushoto, akammeza.

"Kielelezo cha kwanza baraza limekipokea," akasema. "Kingine unacho?"

Hakuwa nacho. Nyani akamwaga picha za Buku, amezisafisha asubuhi bandani kwake, zimetoka kwenye karatasi, zikapangwa majanini. Ya kwanza, makalio makubwa katikati ya karanga. Ya pili, mdomo umejaa mpaka majani yananing'inia. Ya tatu, mguu mzito juu ya mlango wa shimo, na chini ya mguu pua tano ndogo zimetoka.

 Zile pua tano zilimuuma kila mtu.

"Kiboko," akauliza Korongo, "hapa ni wewe umepigwa?"

Kiboko akageuka kuona nani anasikiliza.

"Nauliza, umepigwa na Buku?"

Wanyama wote walikuwa wanamtazama. Aseme kapigwa, na panya, mbele ya Ngiri na Swala? "Kiboko hapigwi," akasema. "Kiboko anapiga. Huyo si mimi."

"Ni nani basi?"

"Mgeni. Mwizi tu aliyefanana nami, simjui."

"Na mwizi kama huyu tumfanye nini?"

Kiboko akaona hapa ndipo pa kuonyesha ukali, wasije wakamdhania kuwa ndiye. "Mwizi kama huyo asikanyage ukingo jua likiwaka. Akae majini kutwa mpaka magamba yamuote."

"Baraza mmesikia?"

"Tumesikia."

"Imepita." Korongo akainamisha shingo juu ya picha ya pili. "Mwizi wetu ana sikio la kushoto lenye ufa. Kuna yeyote anayemwona?"

 Pundamilia akatazama kwato zake, akazitazama, halafu akazichoka, akainua kichwa. "Mimi namwona." Swala akasema, "Mimi namwona." Ngiri akasema, "Mimi namwona, na siku ile pia nilimwona." Sauti yake ilijaa aibu, lakini ilisikika mpaka nyuma.

Kiboko akataka kulifunika sikio, lakini mguu haukufika. Akatoka barazani, gudu, gudu, gudu, kwa mbio, chubwi mtoni. Tangu siku hiyo kiboko mchana kutwa yumo majini, na akitoa kichwa kuvuta pumzi anayapepesa masikio haraka haraka, usipate kuona lipi lina ufa.

Jua lilipopungua ukali, Buku alikuwa mlangoni kwake anatengeneza palipobomoka, watoto wanapanda upya mistari iliyoliwa. Pua mbili zikaibuka majini.

"Bi Buku," ikaita sauti, leo hata jina imelijua. "Zile picha zifute."

Buku hakuacha kazi yake. "Zikuhangaishe kwa nini, Mzee? Si ulisema huyo si wewe."

Sasa niwape fundisho, maana ngano bila fundisho mtasema nimewapunja. Ukienda kuchagua kamera, chukua kubwa kuliko zote, yenye begi na begi la begi. Picha zako zisafishe mtoni, kwa mchanga, usuuze mara tatu. Na mdogo akiambiwa na mkubwa ahame, ahame siku hiyo hiyo, tena aage kwa heshima. Nimemaliza kufundisha. Kama yupo hapa anayeliamini fundisho hilo, aanze yeye kuhama, tumwone.

— Nimewapa sijawapa?
— Umetupa.
— Kama nimetupa, okoteni upesi, kabla Kiboko hajasema ni yake.