Kinu cha Bi Tufaha na Kiapo cha Tajiri Sarahani

Alipotawala Sultani Mahfudhi bin Sarmini katika mji wa Kandarusi, mji uliopakwa chokaa hadi wageni wakaingia wamefumba macho, palikuwa na tajiri akiitwa Sarahani, na duka lake lilisheheni vyombo vya nyumbani vya ajabu: taa zisizotaka mafuta, na mitungi inayojijaza maji, na mikeka inayojitandika yenyewe wageni wakipiga hodi, na ndani ya kila chombo alikaa jini aliyefungwa kwa hirizi. Na ulimi wa tajiri huyo, jamani, ulikuwa mtamu! Kila alipouza chombo alipiga kifua na kuapa, “Wallahi, ikiwa nimesema uongo, kinirudie mwenyewe!” Wateja wakacheka, wakalipa, maana wauzaji wa mji ule hawakuuza hata kitunguu bila kiapo.

Basi alikuwako mjane, Bi Tufaha, aliyeishi kwa kutwanga mpunga wa watu, na bega lake lilikuwa limekwisha. Binti yake Zeyana ameposwa na Haidari mfua shaba, na harusi inakaribia, na mpunga wa karamu unangoja, na bega halitaki. Akaenda dukani, na Sarahani akamtolea kinu cha mpingo na mchi wake.

“Hiki, Bi mkubwa, hutwanga chenyewe mchana na usiku, hakichoki wala hakizeeki. Ikiwa nimesema uongo, kinirudie mwenyewe!”

Bi Tufaha hakuwa na kitu ila bangili ya dhahabu ya marehemu mama yake, na kwa ada ya Kandarusi bibi harusi hatoki kwao bila bangili ya bibi yake mkononi. Akajisemea, kinu kitatwanga mpunga wa mji mzima, nami nitaikomboa kabla ya harusi. Akaivua, akampa tajiri.

Siku ya kwanza mchi ulipanda na kushuka peke yake, na majirani wakajaa uani wakisema, “Subhanallah!” Siku ya pili ukapanda, ukashuka, ukaegemea ukuta na kuguna kama mzee anayeinuka kitini. Ikawa basi tena.

Bi Tufaha akarudi dukani. “Bwana Sarahani, chombo chako kibovu. Chukua kinu chako, nipe bangili yangu.”

“Mali ikishavuka kizingiti changu hairudi. Pengine hujui kukitumia.”

“Kutwanga, unifundishe wewe?”

“Nenda zako, mama.”

“Na kile kiapo chako?”

“Aa! Hayo ni maneno ya dukani tu.”

Akalia yule mama, akalia kweli, akisema, “Nimemvua mwanangu bangili kwa mkono wangu mwenyewe!” Majirani wakamwambia, “Nyamaza, shoga, mnyonge hana haki.” Akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akawajibu, “Asiyeidai ndiye asiye nayo.” Akakilaza kinu ubavu, akakibingirisha njia nzima hadi baraza la Sultani.

Sultani akasikiliza, akamwita Sarahani, na Sarahani akabusu zulia akasema, “Ewe maulana, Mungu akuzidishie umri na ezi, nimeuza, amenunua, yamekwisha. Shahidi wake nani?”

“Shahidi wangu ni hicho kinu,” akasema Bi Tufaha.

“Basi na kiseme,” akasema Sultani, akidhani mama anatania.

Mara ukafuka moshi wenye harufu ya pumba, na ndani ya moshi akasimama jini, ndevu zake zimefika magotini na kichwa chake kimegusa boriti. Mawaziri wakalala kifudifudi, na Sultani mwenyewe akakishika kiti chake kwa mikono miwili.

“Amani juu yako, ewe Sultani wa zama,” akasema jini kwa sauti iliyotikisa madirisha. “Mimi ni Shamhuri, natwanga tangu enzi za Nabii Suleimani, na goti langu bovu. Nilimwambia huyu, niuze, lakini usinisifu. Akanisifu.”

“Maneno ya dukani, maulana!” akalia Sarahani.

“Sisi majini hatuna maneno ya dukani. Neno ni neno. Umeapa kinirudie, nasi sote tuliomo katika vyombo vyako tumekaa tukingoja mtu mmoja tu akidai kiapo hicho. Leo kimedaiwa.”

Akapiga makofi. Hapo, wasikilizaji wangu, milango ya Kandarusi ilifunguka yenyewe jua likiwa utosini, na kila chombo alichouza Sarahani kwa uongo kikatoka: taa zikiruka hewani, mitungi ikibingirika, mikeka ikitambaa, na vitanda vikitembea kwa miguu minne, na watu wakapisha njia, hata watoto. Vyote vikaingia dukani, na kwa mlango huohuo mali za watu zikatoka kurudi kwao, na bangili ya dhahabu ikaja ikijizungusha hadi barazani, ikapanda ngazi, ikalala katika kiganja cha Bi Tufaha. Akaibusu.

Sultani akasimama. “Tangu leo, kiapo cha muuzaji ni deni shingoni mwake, na chenye kasoro kitarudi kilikotoka.”

Jini akageuka. “Bi Tufaha, ningependa unichukue tena, lakini kwa sifa zangu za kweli.”

Sarahani akaamriwa kumwuza upya. Akatazama chini, akasema, “Kinu hiki kizee. Kina goti bovu. Hutwanga asubuhi kidogo, kikichoka hulala.” Baraza zima likaangua kicheko, na Bi Tufaha akakinunua kwa konzi ya mchele.

Na kwa kuwa sasa kimeuzwa kwa kweli, jini akamtumikia kwa kweli. Alitwanga mpunga wa karamu polepole, akipumzika, na makapi yaliyopepetwa yakaanguka chini yakiwa lulu. Zeyana akatolewa na bangili ya bibi yake mkononi, akaolewa na Haidari, na mama yake akawa tajiri, akafungua duka la mchele.

Siku moja akaingia Sarahani, mpole sasa, mkono mfukoni. Akapimiwa mchele, akalipa, akasita mlangoni. “Na nikikuta mawe ndani ya mchele, Bi mkubwa?”

“Urudi nao, Bwana,” akasema Bi Tufaha. “Mlango ni huohuo.”