Bi Pimbi na Sinia la Kabichi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na sinia.

Limejaa au tupu?

Tutalichungulia tukifika.

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, leo tunataka kusikia meno ya wengine.

Hapo zamani za kale, Bi Pimbi aliishi kwenye majabali makavu na watoto wake watatu. Alikuwa mjane. Mwaka wa kwanza mvua haikunyesha. Mwaka wa pili haikunyesha. Mwaka wa tatu Bi Pimbi akafunga virago, akawaambia wanawe, "Jiwe halinyweki, wanangu. Twendeni bondeni."

Bondeni palikuwa na kijito, na kando ya kijito palikuwa na kijiji cha wanyama. Mkubwa wao alikuwa Bibi Tembo. Akampokea Bi Pimbi vizuri, akampa maji, akampa mkeka. Kisha akamweleza desturi ya pale.

"Mwanangu, kabla ya mvua tunakusanyika uwanjani mara tatu. Mgeni huleta sinia la chakula kila mara. Likimalizwa hata mara moja tu, amekuwa mwenyeji, na kile kiwanja kilichobaki kando ya kijito ni chake. Lisipomalizwa mara zote tatu, tunamsindikiza alikotoka. Na mgeni halili sinia lake mwenyewe, wala wanawe."

Bi Pimbi akawatazama wanawe. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu ya njiani. Akasema, "Nimesikia, bibi." Moyoni alikuwa anaogopa sana, maana kule majabalini hapakuwa tena na kitu cha kurudia.

Sasa, kile kiwanja cha kando ya kijito kilikuwa na tope zuri, laini, baridi. Na ndani ya lile tope, kila mchana, alikuwa akigaagaa Bwana Ngiri. Si lake, lakini alishalizoea. Mnajua tena, cha bure kikizoeleka hugeuka urithi.

Bwana Ngiri akaja kumsalimia mgeni. "Hodi, jirani. Utawapikia nini?"

"Karibu, shemeji. Kachumbari ya kabichi. Jua la uwanjani ni kali, nimeona watapenda kitu cha baridi."

Ngiri akatikisa kichwa. "Umewaza vema. Ila nikushauri. Kitunguu si tunakivuruga kwa chumvi mapema, kipungue ukali? Basi kabichi nayo ni hivyo hivyo. Ikate alfajiri, itie chumvi, itie ndimu, ivuruge sana. Mpaka mchana itakuwa imekolea."

Bi Pimbi akashukuru. Mgeni hana jeuri. Siku ya mavuno akaamka alfajiri, akakata kabichi nyembamba, akaparuza karoti, akatia chumvi, akatia ndimu, akavuruga. Jua likapanda. Walipofika uwanjani, kabichi ilikuwa imelegea, imelala ndani ya maji yake kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Swala akaonja, akasema ameshiba. Kanga akadonoa mara moja, akakumbuka ana safari. Kima akaichukua, akaitazama, akairudisha. Sinia likarudi limejaa.

Bwana Ngiri akaja tena. "Pole sana, jirani. Kosa langu, nilisahau kuwa wazee wa hapa hawana meno. Safari hii imwagie maji ya moto kwanza, ilainike. Halafu ifunike iive na joto lake."

Bi Pimbi akasita kidogo. Lakini akajiambia, huyu ni mwenyeji, anawajua wenzake kuliko mimi. Siku ya harusi ya binti wa Swala akakata kabichi, akaimwagia maji ya moto, akaifunika. Walipofunua uwanjani, ilitoka harufu iliyowafanya waimbaji waruke ubeti mzima. Sinia likarudi limejaa.

Na Ngiri akapita pale akipunga mkia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwetu ya tatu tutampa njia."

Bi Pimbi alirudi kwenye mkeka wake akalia. Hakulia kwa siri, alilia kabisa, na wanawe wakalia naye. Kisha mdogo akasema ana njaa. Ndani hapakuwa na kitu ila nusu ya kabichi iliyobaki, imekaa kivulini kando ya mtungi. Bi Pimbi hakuwa na nguvu ya kupika. Akaikatakata hivyo hivyo, akawapa mikononi.

Kach, kach, kach.

Bi Pimbi akanyanyua kichwa. "Hebu tafuna tena."

Kach, kach, kach.

Akaonja mwenyewe. Kabichi ilikuwa baridi, tamu, na ilikuwa inalia mdomoni. Bi Pimbi akafuta machozi. "Kumbe ina sauti yake tangu zamani. Sisi ndio tuliokuwa tunainyamazisha." Akaukumbuka ushauri wa Ngiri, wa kwanza na wa pili, akaukumbuka na ule mkia uliokuwa unapungwa, na hapo akaelewa.

Mkusanyiko wa tatu ulikuwa wa kumaliza kufyeka mashamba. Asubuhi Bi Pimbi akakata kabichi nyembamba, nyembamba kama nyuzi. Akaiosha kwa maji ya mtungi, akaikung'uta ikakauka, akaifunga kwenye majani ya mgomba. Karoti mbali. Kitunguu mbali. Halafu akachukua kibuyu, akakamulia ndimu, akatia chumvi, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na hasira kidogo, akatwangia pilipili kumi.

Ngiri akachungulia. "Hujatia chumvi, jirani? Jua hilo linapanda."

"Nitatia huko huko uwanjani, shemeji, wakishaketi."

 Ngiri akaona mwanamke huyu sasa amemshinda kwa maneno. Akaona tope lake linaondoka. Akaona hakuna dawa ila kile kibuyu kipotee, kachumbari ibaki kavu kama majani ya kuezekea.

Uwanjani, Bi Pimbi alipokwenda kuwaamkia wazee, Ngiri akakwapua kibuyu akajificha nyuma ya kichuguu. Alitaka kumwaga. Lakini ndimu ilinukia vizuri, na katika maisha yake yote Ngiri hakuwahi kumwaga kitu kinachonukia. Akafumba macho, akagugumia chote.

Tumwache hapo kidogo. Ana shughuli.

Bi Pimbi akarudi, akafungua majani ya mgomba, akapapasa kibuyu. Hakipo. Akatazama chini ya mkeka. Hakipo. Wenyeji wameshanawa mikono, na Bibi Tembo anamtazama.  Kisha akasimama wima mbele yao wote.

"Wenzangu, kibuyu changu cha ndimu kimepotea. Kabichi ni hii hapa, mbichi, safi. Nimebakiwa na leo tu. Mwenye chochote cha kunisaidia naomba anisaidie."

 Kisha Kima akatoa ndimu mbili shavuni. "Nilikuwa nazihifadhi," akasema, akaona haya. Swala akatoa kipande cha chumvi anachokilamba. Kanga akaleta karanga zilizokaangwa, konzi moja. Bi Pimbi akakamua, akanyunyiza, akavuruga mara tatu tu, pale pale mbele ya macho yao.

"Kuleni sasa hivi. Haingoji."

Wakala. Kach, kach, kach. Uwanja mzima ukawa unalia kama mahindi makavu yanayopukuchuliwa. Bibi Tembo akala, akaongeza, akaongeza tena. Chakula ulichokitilia mkono wako hakikushindi, na pale karibu kila mmoja alikuwa ametia mkono.

Lakini tumbo nalo lina mwisho wake. Wakashiba wote, wakaegemea. Na katikati ya sinia likabaki tonge moja.

Bibi Tembo akalitazama, akashusha pumzi. Alijaribu kunyoosha mkonga, ukamrudi. "Mwanangu, nimejaa mpaka masikioni. Nani atamalizia?" Hakuna aliyeweza. "Nasikitika kusema haya. Desturi ni desturi, na tonge ni tonge."

 Bi Pimbi aliwashika wanawe mikono, wote watatu, akaanza kukunja mkeka.

Ndipo kichuguu kikatoa kelele, kwani pilipili zilikuwa zimemshinda aliyejificha. Ngiri akachomoka mkia juu, macho mekundu, machozi yanamchuruzika, ulimi nje. Kijito kilikuwa mbali. Sinia lilikuwa karibu. Akakimbia, miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwa magoti mbele ya sinia, akaisomba kabichi baridi yote kwa mdomo.

Kach, kach, kach. Akalamba sinia upande huu. Akalamba upande ule. Akaligeuza, akalamba na chini.

Aliponyanyua uso, wanyama wote walikuwa wanamtazama.

"Bwana Ngiri," akasema Bibi Tembo taratibu, "asante. Limemalizika."

Bi Pimbi alilia mara ya pili, lakini safari hii akicheka. Jioni ile watoto wake walikunywa maji ya kijito mpaka matumbo yakawa ngoma, na kiwanja kikawa chao. Ngiri akahamia kwenye vumbi. Na mpaka leo, mkimwona akila, tazameni, anapiga magoti.

Basi mjue, wanangu: ushauri usipime utamu wake tu, mpime na anayeutoa, anapata nini ukishindwa. Na kabichi itieni chumvi watu wakishaketi.

Sinia langu nimelifunua, mmelila, nalikung'uta. Kama lilikolea, ni mikono yetu sote. Kama lilipwaya, chumvi nilitia mimi.