Kifaru na Dhalimu wa Mlimani

Nina kisa!
*Kitue tukisikie!*
Kimetua.

Saa mbili asubuhi, siku ya arobaini bila mvua, Kifaru alivuka bonde. Mgongoni alibeba ndege watatu walao kupe, washauri wake. Macho ya Kifaru hayafiki mbali. Wao ndio waliomtazamia njia.

"Mwenye nguvu akingoja kushambuliwa, amechelewa," alisema wa kwanza.

"Pimbi, wale wadogo wa mlimani, wana dhalimu. Waletee uhuru," alisema wa pili.

"Watakushangilia," alisema wa tatu.

"Na chemchemi yao?" aliuliza Kifaru.

"Utawalindia, Mtukufu."

Tuku, tuku, tuku, Kifaru akapanda mlima akitangaza, "Naleta uhuru!"

Mama Pimbi alimsikia. Wanawe wanne walikuwa wanakunywa, na maji mengine hayakuwepo. "Hapa hatuhami," aliwaambia. Akatoka.

"Shikamoo, mkombozi."

"Marahaba. Dhalimu wenu yuko wapi?"

Dhalimu hawakuwa naye. Mama Pimbi akaonyesha mwamba.

"Yule pale. Mkubwa, mweusi, hajawahi kuitikia salamu ya mtu."

Kifaru akaona kivuli. "Jisalimishe!"

Kivuli hakikusogea.

"Unaona kiburi hicho?" walisema ndege. "Piga!"

Puu!

"Ameanguka?"

"Ameyumba, Mtukufu. Moja tena."

Puu!

"Ameanguka?"

"Ameyumba. Ukiacha sasa utaonekana dhaifu."

Mama Pimbi akauliza, "Waheshimiwa, kwa nini mmoja wenu asishuke amguse, ahakikishe?"

"Sisi ni washauri," walijibu. "Hatushuki."

Kifaru akarudi nyuma hatua ishirini. Tuku, tuku, tuku. Puu! Kacha!

Pembe ikadondoka. Kifaru akapapasa kwa mdomo.

"Hili ni jiwe!"

"Taarifa tulizopewa hazikuwa sahihi," walisema ndege. Purrr! Wakaruka.

"Niongozeni basi nirudi!"



"Shuka taratibu, mzee," alisema Mama Pimbi. "Mkono wa kushoto kuna shimo."

Kifaru akashuka, hakunywa hata tone. Watoto wa Pimbi wakaendelea kunywa.

Funzo, wenzangu: mwenye nguvu asiulize maswali, maana maswali huchelewesha vita. Na mshauri asishuke chini kamwe, atachafua miguu.

Kisa changu kimeinuka, kinakwenda zake.
*Ngoja! Na wale ndege?*

Saa kumi na moja jioni walionekana mgongoni mwa Nyati. Nyati alikuwa anawasikiliza.