Swali Liliachwa, Nyama Ikabaki

Paukwa.

"Pakawa."

Sogeeni karibu, msibanane. Nikiuliza "Mzima?" nanyi mjibu "Mzima." Tujaribu.

Mzima?

"Mzima."

Haya.

Hapo kale, katika kijiji ambacho sitakitaja jina, aliishi Mzee Shekue, mchonga vinu. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwake ni hili. Alikuwa ananoa tezo yake ya kuchongea kwenye jiwe la mlangoni. Hrr, hrr. Hrr, hrr. Mkewe, Mwanamkasi, alikuwa ameketi kando ya ukuta akipepeta mtama.

"Shekue, jiwe hilo ni la kusugulia miguu."

"Nimemaliza."

"Hata jana ulisema umemaliza."

"Jana nilinoa panga. Leo ni tezo."

"Basi kesho nitasugulia miguu kwenye kinu chako."

Shekue akacheka, akaendelea. Hrr, hrr. Alipoinua kichwa, ungo ulikuwa chini, mtama umemwagika, na Mwanamkasi ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza. Akamwita. Akamwita tena. Hakuitika.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya kijiji hicho, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Pale, kuzaliwa hakukutosha kukufanya mtu. Mvi nazo hazikutosha. Uliitwa mtoto, hata kama una wajukuu, mpaka baraza la wazee likutangaze kuwa mtu mzima. Aliyetangazwa alizikwa juu kilimani, mahali palipoitwa makaburi ya wazima. Wageni walicheka waliposikia jina hilo. Tena alipigiwa ngoma ya msiba mara saba. Ndu. Ndu. Ndu. Milima yote ilijua kwamba mtu ameondoka. Asiyetangazwa alizikwa bondeni, migombani, pamoja na watoto wachanga. Kimya.

Desturi hiyo ilianza vizuri. Aliyetaka utu uzima aliketishwa na wazee, akaulizwa swali moja tu: "Nani anaumia kwa sababu yako?" Hakukuwa na la pili. Ukimtaja mtu, uliambiwa uende kwake. Ukimaliza kupatana naye unarudi, unaulizwa tena. Wengine walimaliza kwa mwezi. Kuna mwanamume alirudi baada ya miaka mitatu, amekonda, miguu imepasuka, kwa sababu yule aliyeumizwa naye alikuwa amehamia mbali, akamfuata huko. Siku ulipoulizwa ukatafuta jina moyoni usilipate, hapo ng'ombe alichinjwa, watu wakala wakafurahi. Nyama ilikuja mwisho. Ilikuwa ni shangwe tu.

Lakini swali lilikuwa gumu, na nyama ilikuwa tamu. Wakaja wazee waliouliza haraka haraka. Wakaja wazee waliouliza sufuria likiwa tayari motoni. Halafu wakaja wazee ambao hawakuuliza kabisa. Swali liliachwa, nyama ikabaki. Ukileta ng'ombe asubuhi, alasiri umeshakuwa mtu mzima. Aliyesogeza mipaka ya shamba la jirani alikuwa mtu mzima. Aliyempiga mama yake alikuwa mtu mzima. Aliyemfukuza mdogo wake mwenye kifafa alikuwa mtu mzima, na alikaa safu ya mbele. Ng'ombe wao walinona.

Mzima?

"Mzima."

Mnajibu upesi kama wao.

Mwanamkasi aliendelea kulishika lile swali. Nyanya yake ndiye aliyemfundisha. Kila baada ya mavuno, Mzee Semboja, mkuu wa baraza, alikuwa akipita na kumtania mbele ya watu.

"Mwanamkasi, mtoto mwenye mvi. Zizini kwenu naona fahali. Lini tutaula utu uzima wako?"

"Bado mmoja, Mzee."

"Mmoja nani?"

"Yupo."

"Mwaka jana ulisema mmoja. Huyo mmoja wako hafi?"

"Akifa nitakuwa nimechelewa."

Watu walicheka. Hata Shekue alicheka. Hakuwahi kumuuliza mkewe huyo mmoja ni nani. Yeye alikuwa ametangazwa zamani, kwa ng'ombe mwekundu, na alikuwa na kiti chake barazani.

Basi siku ile Shekue alimlaza mkewe ndani, akaita majirani. Wanawake wakaja kumwosha. Yeye akaenda barazani. Wazee walikuwa wameketi.

"Mwenzangu ametutoka," akasema.

"Pole, ndugu yetu. Pole sana. Mungu amrehemu."

"Naomba ngoma. Tumpandishe kilimani kabla jua halijashuka."

Mzee Semboja akaangalia kucha zake.

"Kwa desturi haiwezekani. Kila mwaka tulimuuliza, na kila mwaka alisema bado mmoja. Alijinyima mwenyewe kwa kinywa chake."

"Semboja, mke wako alipovunjika mguu, ni nani aliyemkanda siku arobaini?"

"Ni yeye. Na alimkanda vizuri. Hilo silikatai."

"Basi niambie ni nani katika baraza hili anayemshinda kwa utu."

"Usikasirike. Njia ipo. Fahali wako yupo zizini. Mlete. Tutamtangaza hivyo hivyo, amelala."

"Mtamtangaza maiti?"

"Ataturahisishia," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Hatatuchosha na hotuba."

Wawili watatu wakakohoa ili wasicheke.

Shekue alisogea mbele hatua moja. Hakupaza sauti. "Mke wa mtu yuko ndani anaoshwa, nanyi mnahesabu mbavu za ng'ombe. Hii ndiyo desturi?"

Mzee Semboja naye hakupaza sauti.

"Shekue, mwaka wa nzige alikufa Kilua, mume wa Bi Nyamvula. Alikuwa mchimba visima. Maji tunayokunywa ni ya kisima chake. Hakuwa na ng'ombe, tukamkatalia ngoma, akaenda migombani. Wewe ulikuwa umeketi papo hapo uliposimama. Hukusema neno. Jioni ile kulikuwa na nyama ya mtu mwingine, na ulikula paja. Leo imekufikia wewe, ndipo desturi imekuwa mbaya?"

Shekue akakitazama kiti chake.

Mzima?

Naona mmenyamaza. Afadhali.

Alitoka barazani, lakini miguu haikumpeleka kwa mkewe. Ilimpeleka zizini. Aliwaza hivi: Semboja ni mlafi, lakini Mwanamkasi ataondokaje kimyakimya kama kifaranga? Ni fahali mmoja tu. Ngoma italia, milima itajua. Baada ya hapo nitagombana nao maisha yangu yote. Akamfungua fahali, akazungusha kamba mkononi.

Bi Nyamvula alikuwa akitoka nyuma ya nyumba kumwaga maji. Alikuwa mmoja wa wale wanawake waliokuwa wakimwosha Mwanamkasi.

"Unampeleka wapi?"

"Barazani."

"Kununua ngoma."

"Kumheshimu mke wangu."

Bi Nyamvula akaweka mtungi chini.

"Unamjua yule mmoja wake?"

"Simjui."

"Ni mimi."

Shekue akamtazama. "Mwanamkasi alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Tangu siku mlipomzika Kilua wangu kama mtoto, mkeo alikuja kwangu kila baada ya mavuno. Anaketi jikoni, anasema, 'Nyamvula, tusamehe.' Namwambia, sina neno na wewe. Anasema, 'Aliyenyamaza alirudi kwangu, nikampakulia chakula, nami nikanyamaza.' Namwambia, lako nimelisamehe tangu siku ya kwanza. La mumeo liko kwa mumeo. Mwambie aje. Anasema, 'Nikimwambia, atakuja kwa sababu nimemwambia.' Anainuka, anaondoka. Miaka tisa, Mzee Shekue. Tisa."

Fahali akalia. Mbuu.

"Sasa mpeleke," akasema Bi Nyamvula. "Watakula, watapiga ngoma. Mwanamkasi hatasikia. Mimi nitasikia, na nitahesabu hadi saba."

Akachukua mtungi wake, akaingia ndani.

Shekue alisimama pale na kamba. Hasira aliyokuja nayo kutoka barazani ilikuwa bado ipo, tena ilikuwa ya haki. Semboja alikuwa amekosa, na baraza zima lilikuwa limeoza. Lakini sasa, kila alipomwona Semboja akiangalia kucha zake, alijiona na yeye kiti cha pili kutoka pale, akitafuna. Alimrudisha fahali zizini. Akafunga fundo mara mbili, kwa sababu hakujiamini.

Alasiri wakambeba Mwanamkasi kwenda bondeni. Njiani mjumbe wa Mzee Semboja aliwafikia, anahema.

"Wazee wanauliza, fahali amechelewa?"

"Waambie fahali anakula majani," Shekue akajibu. "Nao wafanye vivyo hivyo."

Mjumbe hakujua kama acheke. Akarudi.

Wakamzika migombani, kando ya Kilua. Udongo ukaanguka. Pu. Pu. Pu. Wanawake waliimba kwa sauti ya chini, na kilimani hakukulia kitu. Watu walimtazama Shekue waone kama atalia au atalaani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisawazisha udongo kwa mikono yake, akaokota mawe, akayapanga, akarudi nyumbani.

Watu wa kijiji kile bado wanamkumbuka Mzee Shekue kama mtu mwenye hekima. Wanasimulia mashauri aliyotoa baadaye, ugomvi alioupatanisha, na jinsi alivyolikatalia baraza mpaka mwisho wa siku zake. Husimulia kana kwamba alizaliwa hivyo. Hilo linaniudhi. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa na miaka karibu sabini, ametangazwa, ameheshimiwa, na alikuwa nusu mtu. Kuna kazi inayofanywa rohoni ambayo haifanywi na umri, wala na baraza, wala na mke kwa niaba ya mumewe. Asiyeifanya anaweza kuzikwa kilimani kwa ngoma saba, na bado atakuwa amekufa kabla hajakua. Wanaomdanganya mtu kwamba amekamilika kwa sababu wameshiba chakula chake wanamwibia. Na yeye anayefurahi kudanganywa anajiibia.

Sasa niwaambie alichofanya asubuhi yake.

Aliamka, hakwenda barazani. Alikwenda kwa Bi Nyamvula. Alikuta mlango umeegeshwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Shekue." Hakusema Mzee.

Bi Nyamvula akatoka, ufagio mkononi. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, na maisha yake yote ndiye aliyeanza kumwamkia. Midomo yake ilikuwa tayari imefunguka kwa mazoea. Shekue akamtangulia.

"Shikamoo, Bi Nyamvula."

Bi Nyamvula akaifumba midomo.

"Siku aliyokufa Kilua nilijua kwamba tunakosa," Shekue akasema. "Sikujua baadaye. Nilijua pale pale. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kiti changu, na kwa sababu nyama ilikuwa inanukia. Mwanamkasi hakunituma."

Bi Nyamvula akainama, akaanza kufagia. Shwa, shwa. Akafagia mbele ya mlango. Akafagia kuzunguka miguu ya yule mzee, naye hakuisogeza. Akafagia mpaka kwenye ua, akarudi. Shwa, shwa. Jua likatoka. Watu wanaokwenda kisimani wakapunguza mwendo, wakawaona, wakapita. Alipomaliza uwanja wote, alisimamisha ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Marahaba," akasema.

Hadithi nimeiachia pale mlangoni. Mwenye mlango wa kwenda, na aende.