Kizee Asiye na Kivuli

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aurudishie.

Shemdoe alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Akichora mlima, watu waliutambua hata mawe yake. Siku moja alipanda kilimani kuchora bonde, akamkuta bibi kizee ameketi juu ya jiwe. Jua lilikuwa kali, lakini kizee hakuwa na kivuli.

"Nichore nilivyo," kizee akasema. "Usiniongezee kitu."

Shemdoe akachora mbingu, akatazama, ikawa kweli. Akachora milima, akatazama, ikawa kweli. Akamchora kizee, akatazama, na mle pichani kizee alionekana anaelea kama unyoya. Shemdoe akakereka. Mkono wa fundi haukuvumilia. Ukachovya rangi nyeusi, ukaweka kivuli miguuni pake.

Kizee akainuka, na kivuli kikainuka naye.

"Ahsante, mwanangu. Wachoraji waliokutangulia wote walinitii."

Akashuka kijijini. Shemdoe akatazama chini, asione kivuli chake. Akakimbia hadi nyumbani, akamkuta kizee amesimama mlangoni. Shemdoe akapiga hodi kwa sauti yake yote. Mkewe, Mboni, akatoka, akampita kama anayepita hewa.

"Shikamoo, bibi. Hukumwona mume wangu huko kilimani?"

Kizee akamkazia macho Shemdoe.

"Marahaba. Sikumwona, mjukuu wangu."

Yangu yameishia hapo. Mkisikia hodi na mlangoni hamwoni mtu, itikieni "karibu". Huenda bado anatafuta kwake.