Bakuli Lililorudi Tupu

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika nusu mdomo? Nasema paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho, tuende.

Hapo zamani za kale, mji mkubwa ulipokuwa bado na ukuta na malango, palikuwa na kijiji kidogo kando yake. Si mbali. Mtu akitoka alfajiri na tenga la mchicha, anauza mjini, na kabla jua halijafika utosini yumo njiani anarudi. Mjini kulikuwa na soko, na matabibu, na vitambaa vya kila rangi. Lakini kuishi, watu walitaka kuishi kijijini. Maji ya kisima matamu. Mtoto akianguka, huinuliwa na aliye karibu, awe mama yake au asiwe. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa umeamkaje. Basi watu wa mjini wakawa wanahamia, mmoja leo, mwingine mwakani.

Katika waliohamia alikuwamo Mwanahawa. Mumewe, Kombo, naye mtu wa mjini, alimleta akiwa bado bi arusi. Sasa binti yao, Riziki, alikuwa mwenyewe amechumbiwa.

Mwanahawa alikuwa mwanamke safi. Safi hasa! Ua wake umefagiwa, fyaa, fyaa, fyaa, hata kuku wakipita wanaona haya. Na alijisifia jambo moja: hakai na kitu cha mtu. Jirani akimletea bakuli la kunde, Mwanahawa anazimimina kunde, analisugua bakuli kwa mchanga, linang'aa, analirudisha siku ileile.

"Chombo chako hiki, bibi. Ahsante."

Mwanzoni majirani walileta. Kisha wakaleta wachache. Kisha hakuna. Njiani walimwamkia, "Hujambo, Mwanahawa?" naye akajibu, "Sijambo," wakapita. Akajisemea, "Watu wa hapa wako baridi." Akazoea.

Angeendelea kuzoea, kama Siwema asingehamia.

Siwema naye alitoka mjini. Mjane, hana mbele wala nyuma, nyumba yake ikitazamana na ya Mwanahawa. Na msahaulifu, jamani! Bakuli la mtu likiingia kwake limepotea. Siku zinapita, nyingine zinapita. Akilikumbuka, anashika kichwa: "Mama wee, chombo cha watu!" Haya zinamjaa. Anatia humo chochote alichonacho, viazi viwili, kipande cha muwa, anakimbia kulirudisha.

Haukupita msimu, ua wa Siwema umejaa.

"Hodi, Siwema!" "Karibu!"

"Hodi!" "Karibu, karibu!"

Kuchambua mchele, huko. Kusukana nywele, huko. Kucheka, kwa-kwa-kwa, huko huko. Paa lake lilipovuja, wanawake walikuja na makuti kichwani bila kuitwa.

Na Mwanahawa? Alisimama dirishani, anachungulia.

Wivu ukamshika. Alifagia akiuliza: "Yeye ana nini? Na mimi nina nini?" Alichota maji akiuliza: "Yeye ana nini? Na mimi nina nini? Mimi nimezaa hapa. Yeye kaja juzi, na nywele hajachana!" Kicheko kikitoka ng'ambo, aliona anachekwa yeye.

Siku moja Siwema akamletea bakuli la mihogo ya nazi. Mwanahawa akapokea, akafunga mlango. Mihogo akawamwagia kuku. Bakuli akalisukuma mvunguni mwa kitanda.

"Akilitaka, aje alifuate."

Siwema hakuja. Alikuwa amesahau alikolipeleka. Hilo nalo likamuudhi Mwanahawa kuliko yote.

Kombo akamwambia, "Mke wangu, arusi ya Riziki imekaribia. Nani atatwanga? Nani atapika?"

Hapo ndipo palipouma. Arusi ya kijijini si ya mtu na mumewe. Mpunga hutwangwa na majirani, na majirani hawaitwi, huja wenyewe. Wasipokuja, wakwe wanaona, na binti anatoka kwao ameinamisha uso. Mwanahawa alikwisha kuuona moyoni ua wake siku hiyo ya arusi: safi, mtupu.

"Tufunge mizigo," akasema. "Arusi tukaifanye mjini."

"Mjini tumebakiwa na nani?" Kombo akauliza.

Mwanahawa akajitanda kanga, akaenda kwa Bibi Mwatime.

Bibi Mwatime huyo alikuwa mzee wa kijiji, tunamsimulia mpaka leo. Mkunga. Nusu ya kijiji walifika duniani mikononi mwake, kwa hiyo hakumwogopa mtu, na hakuna aliyemnunia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Siketi. Siwema amewaroga watu. Umwondoe hapa kijijini."

"Amewaroga kwa dawa gani?"

"Sijui! Lakini haiwezekani. Hana usafi, hana mpango, chombo cha mtu kinakaa kwake mpaka kinaota kutu! Mimi nimerudisha kila chombo siku ileile. Kila chombo, Bibi!"

Bibi Mwatime akaitikia kwa kichwa.

"Hilo ni kweli," akasema. "Rudi nyumbani. Nitakuja."

Kesho yake, ngo, ngo, ngo! Bibi huyo mlangoni, na bakuli limefunikwa kawa.

"Nimekuletea, mwanangu."

Njugu mawe za nazi! Mwanahawa akala mpaka akalamba vidole. Akaosha bakuli, likang'aa, jioni akalirudisha.

"Chombo chako hiki, Bibi. Ahsante."

Siku ya pili, ngo, ngo, ngo!

"Nimekuletea, mwanangu."

Maboga. Akala, akaosha, jioni akalirudisha.

"Chombo chako hiki, Bibi. Ahsante."

Siku ya tatu, ngo, ngo, ngo!

"Nimekuletea, mwanangu."

Mwanahawa akapokea kwa mikono miwili. Akafunua kawa. Hakuna kitu. Bakuli safi, linang'aa, tupu.

"Bibi, mbona tupu?"

"Ndivyo linavyorudi kwangu. Nikadhani nyumba hii ndivyo mnavyopenda."

Uso wa Mwanahawa ukaungua. "Bibi, nimekukosea nini? Mtu akiletewa bakuli tupu, anaambiwa nini?"

"Anaambiwa tumemalizana."

Bibi Mwatime akaketi kizingitini. "Hapa kwetu chombo hakirudi kitupu. Mtu anatia ndimu. Anatia chumvi kidogo. Wewe uliosha ukarudisha, na kila nyumba ikasikia: tumemalizana."

"Miaka yote hii!" Mwanahawa alilia, na kilio chenyewe cha hasira. "Mbona hamkuniambia?"

"Tungesemaje? Nijazie bakuli langu? Si kuomba huko? Tuliona haya, mwanangu. Kosa hilo ni letu."

"Na Siwema nani alimwambia?"

"Hakuna. Yule msahaulifu tu."

Mwanahawa hakujua acheke au apige mtu. Yeye na kusugua kwake kote! Na yule amependwa kwa kusahau! Bibi Mwatime akacheka mpaka akakohoa, akajishika mbavu, akaenda zake.

Mwanahawa akalitoa bakuli la Siwema mvunguni. Vumbi tupu. Akaliosha, akapika mkate wa kumimina, akaujaza humo, akavuka njia. Wivu ulivuka naye. Uani kwa Siwema wanawake walikuwa wanachambua mchele. Walipomwona, vicheko vikakatika.

"Chombo chako hiki, Siwema. Nimechelewa."

Siwema akashika kichwa. "Mama wee! Liko kwako? Nimelitafuta nyumba nzima!"

"Nililificha," Mwanahawa akasema. "Nilikuonea wivu. Na sasa hivi bado nakuonea, sikudanganyi. Watu wote hawa ni wako. Mimi naoza binti Ijumaa, sina hata mmoja."

Siwema akamtazama yeye, akautazama mkate.

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

"Sasa mbona umesimama unaongea? Kwako kuna michi mingapi?"

Alhamisi alfajiri, tu, tu, tu! Tu, tu, tu! Uani kwa Mwanahawa. Hawakuja wote, nisiwaongopee. Wako waliobaki kwao wamenuna, na walikuwa na haki yao. Lakini waliokuja walitosha. Ijumaa Riziki alitoka kwao na vigelegele, uso juu, wakwe wakitazama.

Watu walipoanza kutawanyika, ua ulikuwa umejaa vyombo. Sinia, mabakuli, vyungu, vya watu wote. Mwanahawa akachuchumaa, akateka mchanga, akaanza kusugua.

Bibi Mwatime akasimama mbele yake. "Unafanya nini?"

"Navirudisha."

"Leo?"

Mwanahawa akalitazama bakuli lililokuwa mkononi mwake. Mikono ilimwasha kwa kutaka kulimaliza. Akaliweka chini, na makombo yake.

"Kesho," akasema. "Au kesho kutwa."

Basi, wenzangu, mkipata mahali pa kuhamia, penye maji matamu na majirani wa kukuulizeni mmeamkaje, msifanye haraka ya kumalizana nao. Hadithi yangu naitua hapa. Nami sisemi kwaheri.