Kibakuli cha Chumvi Kilichofudikizwa

Hadithi hii nimetumiwa leo asubuhi na shemeji yangu, nami nilikuwa nimepiga magoti naokota vipande vya kikombe. Ni kikombe cha tatu mwezi huu. Niliisoma pale pale chini, ufagio bado mkononi, nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Naituma kwenu kama nilivyoipata, isipokuwa mahali pawili hivi nilipotia chumvi kidogo. Mtumieni na mwenzenu ambaye kila siku huomba radhi.

Katika mji mmoja wa pwani aliishi mwanamke aitwaye Mishi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye akili zake timamu, ila vitu havikukaa mikononi mwake. Akibeba sinia, litagonga mlango. Akimimina chai, nusu itaingia kikombeni na nusu itamwingia mgeni. Akitumwa tangawizi sokoni atarudi na nazi, tena atarudi na furaha kwamba safari hii amekumbuka.

Siku hizi ukienda hospitali utaelezwa kwamba kuna watu ambao ubongo wao umeumbwa kwa namna yake, mikono na kumbukumbu haviendi pamoja, na kwamba huo si uvivu wala ujinga. Katika mji ule hali hiyo ilikuwa na jina moja tu: uzembe. Mishi aliitwa mzembe tangu utotoni, mpaka naye akaamini.

Alifukuzwa kwa fundi cherehani. Akafukuzwa kwa wasuka mikeka. Mahali pekee alipodumu palikuwa jikoni kwa Bi Mwanatumu, kiongozi wa wanawake waliopikia harusi na matanga yote ya mji. Hapo alikuwa amekaa miaka sita, na alipapenda kuliko kwao.

Bi Mwanatumu alikuwa mpishi kwa miaka arobaini na miwili, na hakuna aliyekumbuka sufuria yake hata moja kuharibika. Alikuwa na tabia moja: akipika, aliimba chini kwa chini, midomo ikicheza, sauti haitoki vizuri. Watu walisema ni kasida aliyofundishwa na marehemu baba yake, na kwamba utamu wa chakula chake unatoka humo. Akianza kuimba, hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mishi hakuwa na kasida. Alikuwa na vituko.

Viungo vyake alivipanga kwenye mkeka kwa mstari, upande wa kushoto. Kila alichokwisha kutia sufuriani alikihamishia kulia. Mwiko aliuvaa shingoni kwa kamba, maana ukiachwa chini hauonekani tena. Maji hakuyamimina kwa ndoo, aliyachota kwa kata, kidogo kidogo, akiwa ameketi. Na kibakuli cha chumvi, akishatia chumvi tu, alikifudikiza mdomo chini karibu na jiwe la jiko na kusema kwa sauti: "Chumvi nimetia."

"Haya, anaongea na sufuria tena," wenzake walisema.

Kila kituko kilikuwa na kosa lililokizaa. Kata ilitokana na siku aliyozima moto kwa ndoo nzima. Kibakuli kilitokana na harusi moja ambayo bwana harusi alikunywa mtungi mzima wa maji.

Sasa mwezi wa Ramadhani ukaingia. Katika mji ule, kila Ramadhani liwali, mkuu wa mji, alikuwa na siku yake ya kufuturisha watu wote, tajiri na maskini, na siku hiyo ilipikwa pilau ya sufuria kubwa tatu. Desturi ya jikoni ilikuwa sufuria moja mpishi mmoja, wala mwingine haigusi. Na mchana wa Ramadhani hakuna aliyeonja. Mashekhe walisema mpishi akigusa kwa ncha ya ulimi na kutema hakujaharibika kitu, lakini Bi Mwanatumu hakutaka kulisikia hilo. Jikoni kwake ulimi haukuwa na kazi mpaka adhana ya magharibi.

Siku mbili kabla ya siku yenyewe, Somoe, mpishi aliyesifika kuliko wote baada ya bibi, alikwenda kwa Bi Mwanatumu, Zena na wenzake wengine nyuma yake.

"Bi Mwanatumu, sisi hatumchukii Mishi," alisema. "Lakini huyu atatuaibisha mbele ya liwali. Juzi kaangusha bakuli la kachumbari. Jana kaunguza mwiko."

"Kauunguzaje?"

"Kauchochelea moto, akidhani ni ukuni. Baadaye ndiyo kauvaa tena shingoni, umebaki nusu."

Wanawake walicheka. Mishi, aliyekuwa akipepeta mchele hatua chache kutoka pale, alicheka pia. Alishajifunza zamani kuwahi kucheka kabla ya wengine.

Bi Mwanatumu hakucheka.

"Sufuria ni tatu," alisema. "Moja ya Somoe, moja ya Zena, moja ya Mishi. Mishi, ukiharibu, hutarudi tena jikoni hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Siku mbili hizo Mishi hakulala vizuri. Hakuogopa kusemwa, alishasemwa sana. Aliogopa kukosa mahali pa kwenda asubuhi.

Siku ikafika. Baada ya alasiri sufuria tatu zilikuwa motoni chini ya banda la makuti. Vitunguu vimeiva rangi, nyama imeingia, supu inachemka. Somoe na Zena walifanya kazi wima, haraka, bila kutazama mikono yao, na ilipendeza kuwaona. Mishi alikuwa ameketi mbele ya mkeka wake akihamisha vibakuli kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mishi, sufuria imekujibu leo?" Zena alimtania.

"Bado. Imefunga."

Hata Somoe alicheka. Kabla kicheko hakijaisha, upepo ulipita, cheche ikaruka juu, na mtu akapiga ukelele.

"Moto! Makuti yameshika!"

Wote waliacha walichokuwa nacho wakakimbilia maji. Mishi naye alikimbia. Mguu wake ukaingia kwenye ndoo ya kwanza iliyokuwa imejaa, ndoo ikapinduka, maji yakamwagika, naye akaanguka kifudifudi juu yake. Akainuka, akachota nyingine. Waliuzima moto. Palikuwa pameungua kipande cha paa kama upana wa mkeka, na hakuna aliyeumia ila goti la Mishi.

Wakarudi kwenye sufuria zao, wanahema, kanga zimelowa.

Somoe alisimama mbele ya supu yake. Nilikuwa nimetia chumvi? Alifikiri kidogo. La, nilikuwa ndiyo nataka kutia. Akatia.

Zena naye alijiuliza hilo hilo. Nimetia, bila shaka nimetia. Akaendelea, akamimina mchele.

Mishi aliketi tena mbele ya mkeka wake. Ungemuuliza jina la mama yake saa ile, angefikiri kwanza. Lakini hakujaribu kukumbuka, kwa sababu hata siku ya utulivu hakuwa na desturi ya kukiamini kichwa chake. Alitazama chini. Kibakuli kilikuwa kimefudikizwa karibu na jiwe.

"Chumvi nimetia," alisema, akachukua mchele.

Jua likatua, adhana ikasikika. Wageni wa liwali walifungua kwa tende na maji, kisha wakaingia msikitini, ng'ambo ya ukuta, kusali magharibi. Wakitoka, wanakaribishwa chakula. Muda huo mfupi ndio pekee ambao wapishi walikuwa nao wa kuonja.

Bi Mwanatumu alikunywa maji, akachukua kijiko, akaanza na sufuria ya Somoe. Aliweka mdomoni, akafumba macho, akatema pembeni. Alimpa Somoe kijiko.

"Ya Rabi," alisema Somoe. "Nimetia mara mbili."

Bibi akaenda kwa Zena. Alitafuna, akatafuna tena, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Hii haina chumvi hata chembe."

Wa mwisho alikuwa Mishi. Alikuwa amejificha nyuma ya nguzo ya banda, goti linavuja damu, hataki kuona. Alisikia kijiko kikigonga sufuria.

"Hii iko sawa," alisema Bi Mwanatumu.

Lakini sufuria moja haiwezi kulisha mji. Kutoka ng'ambo ya ukuta waliisikia sauti ya imamu, rakaa ya pili imeanza. Somoe aliketi chini akajifunika uso kwa kanga. "Sijawahi," alirudia, "mimi sijawahi kuharibu." Zena alimlaumu aliyeleta kuni, na aliyeleta kuni akaulaumu upepo. Walikuwa wapishi hodari mno hata hawakuwa wamejifunza mtu anafanya nini baada ya kukosea.

Mishi alitoka nyuma ya nguzo.

"Somoe, umetia mara mbili, si zaidi?"

"Mbili."

"Zena, wewe hukutia kabisa?"

"Kabisa."

"Basi tulieni. Yote mawili mimi nimeshayafanya, tena katika wiki moja. Leteni masinia. Sahani moja ya Somoe, sahani moja ya Zena, mchanganye kwa mikono, mwiko utaponda wali. Nyama pia mzigawe nusu kwa nusu. Ya kwangu iende yenyewe." Akalitazama goti lake. "Na tafadhali, mimi msinipe sinia nibebe."

Mikono kumi na miwili iliingia kazini. Bi Mwanatumu akaonja kutoka sinia la kwanza, akatikisa kichwa kwa kukubali, na sinia likatoka pale pale imamu alipokuwa anatoa salamu. Wageni walikula. Liwali aliomba kuongezewa, na hakuna aliyejua kilichopita.

Walipomaliza, Bi Mwanatumu alimwita Mishi mbele ya wote. Mishi alikwenda akichechemea. Sufuria haikuharibika, ndiyo, lakini ndoo alikuwa ameipindua, na moto ulikuwa unawaka.

"Mishi, unajua ninachoimba nikipika?"

"Kasida, mama. Kila mtu anajua."

"Sogea."

Na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na miwili, bibi aliimba kwa sauti ya kusikika:

"Kitunguu kimeingia, nyama imefuata, thumu na tangawizi zimo, chumvi nimetia, Mwanatumu usirudie, usirudie."

Waliokuwa wakiosha masinia wakaacha.

"Ndiyo hiyo kasida yenu," alisema. "Kila sufuria, maneno hayo hayo. Mtu akinikatiza neno moja, nimepotea, ndiyo maana sitaki msogee. Chumvi sijawahi kuikumbuka kwa kichwa changu hata siku moja, wallahi. Na nyumbani kwangu sina kikombe ambacho mkono wake haujavunjika."

"Mbona hukutuambia?" aliuliza Zena.

"Nani angempa mpishi msahaulifu harusi ya mwanawe? Niliogopa." Akamgeukia Mishi. "Siku ya kwanza nilipokuona unakifudikiza kibakuli, nilijua wewe ni mwenzangu. Nikanyamaza. Juzi hawa walipokusema, tena nikanyamaza, nikakuwekea sharti ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuwekewa. Miaka sita nimekuacha uchekwe peke yako, nami nimejificha nyuma ya wimbo. Jikoni hapa halijatendeka kosa kubwa kuliko hilo. Nisamehe, mwanangu."

Mishi alitokwa na machozi. Hayakuwa ya uchungu. Tangu utotoni alikuwa amebeba aibu asiyojua pa kuitua, na sasa aliitua hapo, kwenye majivu na maganda ya vitunguu. Alipumua mpaka wenzake wakamsikia.

"Kumbe tuko wawili," alisema.

Somoe alikuwa bado ana macho mekundu. Alisogea, akakiokota kile kibakuli, akakigeuzageuza.

"Unakiweka kushoto au kulia?" aliuliza.

"Popote, dada. Ila kiguse jiwe."

Ramadhani iliyofuata, ungepita jikoni kwa Bi Mwanatumu ungekuta kila jiwe la jiko lina kibakuli kilichofudikizwa, na wanawake wote wanaimba wimbo wa bibi kwa sauti. Usidhani Mishi alipona, hakuwa mgonjwa. Aliendelea kugonga milango na kuangusha vitu mpaka uzee wake. Ila glasi ilipovunjika hakuna tena aliyefyonya, wala yeye hakuwahi tena kucheka kabla ya wengine. Mtu alisema tu, "Ufagio uko nyuma ya mlango," Mishi akaufuata, na kazi ikaendelea.

Nami huku nimemaliza kufagia. Chai yangu nitainywa kwenye kikombe cha bati.

Funzo: Mwenye makosa mengi usimhesabie alivyovunja, tazama njia alizojitengenezea ili asimame tena, na kama mwenye makosa mengi ni wewe, usione haya kukifudikiza kibakuli chako mbele za watu, kwa maana huenda anayekutazama amejificha miaka mingi akingoja mwenzake.